Bima ya gari Arusha na Moshi: mambo ya kufanya hatua kwa hatua kama wewe ni dereva wa hatari

Kama kila siku unaendesha kutoka Njiro mpaka Sakina, au unashinda unazunguka kati ya Mbuyuni na Double Road pale Moshi, basi machoni pa kampuni ya bima wewe tayari ni mtu wa hatari, hata kama hujawahi kugusa bampa ya mtu. Wanaangalia gari inatembea wapi, inaendeshwa na nani, inabeba nini na usiku inalala wapi. Na watu wa hatari ndo wanaoumia zaidi kwenye bima, maana bei ikipanda kidogo wanakimbilia stika ya bei ya chini ili trafiki asiwasumbue, alafu siku gari ikiumia ndo wanajua walichonunua ni ruhusa ya kupita barabarani tu.

Naandika hasa kwa watu wa taksi na taksi za mtandao, walioanza kuendesha juzi juzi, wenye gari moja ya familia inayoendeshwa na kila mtu nyumbani, wanaolaza gari nje ya geti, na wale ambao ndani ya miaka miwili mitatu washadai bima zaidi ya mara moja. Kama humo kwenye hayo makundi bado itakusaidia, ila hao ndo ninaowafikiria.

Hatua ya 1: sema ukweli gari inafanya kazi gani

Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela zao na mimi nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hatua zingine zote hazina maana ukikosea hii.

Kwenye fomu ya bima kuna sehemu ya matumizi, binafsi au biashara. Bima ya binafsi ni nafuu, kwaiyo mtu mwenye IST ya namba za njano anajaza binafsi, asubuhi anaenda nayo kazini kweli, lakini jioni anawasha programu ya taksi ya mtandao anabeba abiria mpaka saa tano usiku. Au ana Noah yake ya nyumbani ila wageni wakishuka uwanja wa ndege wa KIA anawafuata kwa malipo. Kwa yeye ni gari binafsi tu. Kwa kampuni ya bima hiyo ni gari ya kukodi iliyokatiwa bima ya uongo.

Kuna jirani yangu wa Kijenge yalimkuta haya. Aligongana na toyo usiku akiwa na abiria wawili nyuma, bima kubwa anayo, ile inayolipa mpaka gari yako mwenyewe, haijaisha, hela alilipa yote. Abiria wakaandika maelezo polisi kama ilivyo kawaida, na kwenye yale maelezo kuna mstari mmoja tu, "tulimkodi kwa shilingi elfu sita kutoka Mianzini". Huo mstari ndo uliomaliza kila kitu, kampuni ikamwandikia barua kwamba gari ilikuwa inatumika kinyume na mkataba, na kisheria walikuwa na pa kusimamia. Tofauti ya bei kati ya bima ya binafsi na ya biashara aliyoikwepa haikufika hata robo ya gharama ya kunyoosha ile gari.

Kwaiyo kabla hujaongea na wakala yeyote, kaa chini uandike: gari inabeba watu kwa hela au hapana, inabeba mizigo ya duka au hapana, inatoka nje ya mkoa mara ngapi, inavuka mpaka au haivuki, na majina ya wote wanaoishika usukani. Hapo kwenye majina kuwa mkweli zaidi. Mama watoto, kijana wa chuo, shemeji, kijana wa kuosha magari anayeisogezaga. Mtu asiye na leseni akiendesha gari yako ikapata ajali, bima yako mwenyewe haitengenezi gari, na leseni iliyoisha muda nayo ni balaa hilohilo. Angalia na daraja la leseni pia, D ni ya gari ndogo binafsi, ukibeba abiria kwa hela unatakiwa uwe na daraja la C linaloendana na idadi ya abiria unaowabeba. Kuna madereva wa taksi wazuri sana hapa mjini wana D tu na hawajui kwamba hilo peke yake linatosha kuwakosesha malipo.

Alafu jina kwenye kadi ya gari. Umenunua gari kwa mtu, kadi bado inasoma jina la yule wa Dar aliyeiuza miaka mitatu nyuma, bima umekata kwa jina lako. Siku ya kudai wataanza kuuliza wewe na hii gari mnahusiana vipi. Hamisha umiliki TRA kwanza, bima baadaye.

Hatua ya 2: zijue bima zenyewe

Ziko tatu, haraka haraka.

Bima ndogo, wengi tunaita thedi pati, ndo hiyo ambayo Sheria ya Bima ya Magari, sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari barabarani. Inalipa uliyemgonga, majeraha yake, kifo, mali yake. Gari yako hailipi hata taa. Kwa gari ndogo binafsi kiwango kilichozoeleka ni shilingi 100,000 na VAT ya asilimia 18, jumla 118,000 kwa mwaka. Gari za biashara zinapanda kutokana na aina na idadi ya viti, na swali la abiria uliowabeba, kwamba wamo au hawamo, uliza upewe jibu la maandishi.

Ya kati ni thedi pati iliyoongezewa moto na wizi. Ikiungua au ikiibiwa yote unalipwa. Ukigonga ukuta hulipwi. Watu wanadhani ukiibiwa vioo vya pembeni nayo inalipa, mara nyingi hapana, wizi unaosemwa pale ni wa gari nzima.

Kubwa inalipa uliyemgonga pamoja na gari yako, hata kama kosa ni lako. Ukiwa na mkopo wa benki kwenye hiyo gari huna uchaguzi, benki itakudai bima kubwa.

Hatua ya 3: piga hesabu kwa thamani ya kweli

Bima kubwa ya gari binafsi kiwango kinachotumika sana ni kuanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, juu yake VAT. Ukiwa na IST ya milioni 14 inakuja 490,000, VAT 88,200, unalipa 578,200. Kwa taksi na magari mengine ya biashara asilimia inakuwa juu zaidi, na kama historia yako ina madai mengi jiandae kusogezwa tena.

Sasa kuna ujanja wa kushusha thamani. Mtu gari ya milioni 14 anaandika 7 ili alipe nusu. Usifanye. Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano, maana yake kama umekatia nusu ya thamani, wao wanabeba nusu ya hasara. Ukipata ajali ya matengenezo ya milioni 2 wanakuhesabia milioni 1, na bado hawajakata ekisesi, kile kiasi unachobeba mwenyewe. Kupandisha thamani nako hakusaidii, gari ikiibiwa wanalipa bei ya soko ya siku ile na sio namba uliyoiandika, kwaiyo utakuwa umelipia hewa mwaka mzima. Pita kwa watu wanaouza magari uone gari ya mwaka kama wako na hali kama hiyo inauzwaje saivi, au ukubali tathmini ya kampuni.

Nani akate ipi? Mi nasema hivi: kama gari ndo inayolisha nyumba, kata kubwa ya biashara, hata kama inauma. Kama ni gari ya zamani ya milioni nne tano na una akiba ya kuinyoosha mwenyewe, thedi pati inakutosha, ila hiyo akiba iwepo kweli. Ya kati nawashauri wanaolaza gari nje na wanaendesha kidogo.

Hatua ya 4: soma ekisesi kabla ya bei

Ekisesi ni kile kiasi unachobeba mwenyewe kila ukidai. Wakala hakitaji mpaka umuulize, na kwa dereva wa mjini hiki ndo kitu cha kwanza cha kuangalia kwa sababu ajali zetu nyingi ni ndogo ndogo. Uko foleni pale Sanawari, bodaboda anajipenyeza anakukwangulia mlango na kuondoka na kioo. Kifodi, daladala zetu hizi, kinasimama ghafla Kilombero unakitia kwa nyuma, bampa na taa moja. Hizo ni hasara za laki tatu mpaka laki saba, sio za gari kufa.

Tuseme una bei mbili mkononi. Ya kwanza ni 560,000 kwa mwaka na ekisesi yake ni asilimia 10 ya hasara lakini isipungue 500,000. Ya pili ni 600,000, ekisesi asilimia 10 isipungue 200,000. Wengi wanachukua ya kwanza maana wameokoa elfu arobaini. Sasa pata ile ajali ya bampa na taa, fundi kasema 600,000. Kwa bima ya kwanza unalipwa laki moja. Kwa ya pili laki nne. Umeokoa elfu arobaini umepoteza laki tatu, kwa ajali moja tu, na mjini hapa hujui mwaka utakuletea ngapi.

Na isome mpaka chini, sio mstari wa kwanza tu. Mara nyingi kuna ekisesi ya ziada kwa dereva mwenye umri mdogo au leseni changa, na nyingine ya wizi ambayo inapungua ukiwa na trakingi, kile kifaa cha kuonyesha gari iko wapi. Kijana wako wa miaka 20 akigonga, zile ekisesi mbili zinaweza kujumlishwa. Ndo maana nilisema majina yote yaandikwe mapema, ili uulize "huyu akiwa usukani tunabeba shilingi ngapi?" na upewe namba.

Kuna wakati kubeba ekisesi kubwa ni busara, mfano ukiwa na akiba na unachoogopa ni gari kuibiwa au kufa kabisa. Omba waipandishe kwa makusudi wakupunguzie ada. Hapo umechagua mwenyewe.

Hatua ya 5: viongezeo, chukua unavyohitaji tu

Kioo cha mbele, kama unapita sana barabara za vumbi na nyuma ya malori ya kokoto, chukua. Wizi wa vifaa, kama unapaki mjini kati usiku, chukua, na uliza kikomo chake. Mafuriko, soma kama yamo ndani au yanalipiwa pembeni, masika ya Machi mpaka Mei tunaijua wenyewe mitaro yetu ilivyo. Ghasia na maandamano, vivyo hivyo, na uliza kama vurugu za kisiasa zinahesabiwa tofauti maana mara nyingi zinatengwa. Dereva taksi uliza kuhusu malipo ya siku gari ikiwa gereji, sio kila kampuni inayo na yana ukomo wa siku.

Wanaovuka Namanga kwenda Nairobi au Holili kwenda Taveta, stika ya Tanzania inaishia mpakani. Unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ule umoja wa soko wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa hiyo kadi bado imo, kwaiyo kampuni yako ya hapa inaweza kukupa. Ila ile kadi inalipa utakayemgonga kule. Gari yako mwenyewe iwe salama Kenya lazima bima kubwa iongezewe eneo, na iandikwe.

Hatua ya 6: tafuta bei, lipa vizuri, hakikisha

Chukua bei sehemu tatu angalau. Broka anakutafutia kwenye kampuni nyingi na kwa mtu wa hatari huyu ndo mzuri, maana kampuni moja ikikukataa anajua nyingine inayochukua taksi. Wakala anauza za kampuni alizosajiliwa nazo. Benki nazo zinauza bima siku hizi, CRDB na NMB zipo, na ukiona hela ya mkupuo ni nzito uliza kuhusu mkopo wa ada, kwa sababu bima haianzi mpaka ada iwe imelipwa. Ile ya "nipe stika ntamalizia mwisho wa mwezi" isahau.

Unapoomba bei usiseme tu "bima kubwa ya IST shilingi ngapi?". Mwambie: "Dada, gari ni taksi, tunaendesha wawili, inalala ndani ya geti, nina trakingi, niandikie ada, ekisesi zote na vitu ambavyo hamlipi." Akikujibu kwa mdomo mwombe atume kwa wasapu au barua pepe, ubaki nayo. Kama umekaa mwaka au zaidi bila kudai, omba kampuni ya zamani barua ya kuthibitisha hivyo uipeleke kwa mpya, lile punguzo la kutodai wengi wanaliacha mezani kwa kuhama bila barua.

Hela weka kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, sio kwenye simu ya mtu. Ukishapata stika usiishie kuiangalia kwa macho. Ingia tiramis.tira.go.tz, mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, weka namba ya gari uone kama bima inasoma, ya aina gani, ya kampuni gani na inaisha lini. Kama ulilipia kubwa na mfumo unasoma thedi pati, mpigie wakala muda huohuo kabla hujawasha gari. Nawaomba sana hili, linachukua dakika mbili.

Piga na picha za gari pande zote siku hiyohiyo, ndani, namba ya chesisi, kilomita. Usije ukaambiwa huo mkwaruzo ulikuwepo.

Hatua ya 7: siku ya ajali

Kwanza watu. Aliyeumia apate PF3, ile fomu ya matibabu, polisi na aende hospitali. Kama umegongana na bodaboda na wenzake wameanza kukuzunguka, usalama wako mbele, funga milango, kama hali inatisha sogea kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa. Kama pametulia gari usiisogeze mpaka trafiki apime, ila picha piga mapema: namba za magari yote, stika ya mwenzako, alama za breki, na barabara yenyewe kwa mbali.

Usikubali kosa pale barabarani wala usimwandikie mtu karatasi ya "nitamlipa". Salimia, pole nyingi, lakini ahadi ya hela iache, kampuni inaweza kukuambia umejifunga mwenyewe bila ruhusa yao. Kumalizana kienyeji kunafaa kwa mkwaruzo mdogo ambao hata ekisesi haufiki, basi. Mtu akilalamika kichwa au mgongo hata kama anatembea, hiyo ni ya polisi.

Ipigie kampuni siku hiyohiyo, mkataba una muda wa kutoa taarifa na ukipitiliza umewapa sababu. Watakutaka ujaze fomu ya madai, nakala ya leseni ya aliyekuwa anaendesha, kadi ya gari, na karatasi za polisi, hizi mara nyingi ni PF 90, PF 93 na PF 115 pamoja na mchoro wa ajali. Zinachelewa. Fuatilia kwa upole lakini kila wiki, "shikamoo afande, nimefuatilia ile ripoti yangu", na andika namba ya jalada kwenye simu. Gari usiiguse gereji mpaka mkadiriaji wa kampuni aione, hata kama fundi wako anasema bampa ni kazi ya nusu saa.

Desemba iwe na tahadhari yake. Watu wanapandisha nyumbani Kilimanjaro, barabara za Kibosho, Machame na Marangu zinajaa magari ya Dar, na gari yako inaombwa na binamu wa kufuata soda. Akiwa ameshapiga mbege na akagonga, pombe ni moja ya vitu vya kwanza kutengwa kwenye mkataba. Funguo kaa nazo wewe.

Hatua ya 8: wakikataa au wakikaa kimya

Usiishie kugombana na wakala, yeye sio anayelipa. Iandikie kampuni barua, omba sababu za kukataa kwa maandishi na kipengele cha mkataba wanachokisimamia. Kama kipengele kipo kweli na ulikivunja, kama jirani yangu, utakuwa umejua mapema. Kama sababu haieleweki au miezi inakatika bila jibu, TIRA wana ofisi ya kanda ya kaskazini hapa Arusha, unaenda mwenyewe kulalamika. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, imetokana na Sheria ya Bima ya 2009, inasikiliza kesi kati ya mteja na kampuni bila wewe kulazimika kuanzia mahakamani.

Ukienda nenda na nakala ya mkataba wote na sio stika tu, risiti ya malipo, karatasi za polisi, picha, ile bei waliyokutumia kwa wasapu, na barua zote mlizoandikiana zikiwa zimepangwa kwa tarehe.